Mashine Iliyofundishwa Kusoma kwa Sauti

Ndani ya ile kompyuta hapakuwa na vumbi.

Byiringiro fundi alikuwa amefungua mashine nyingi za Gisenyi, na zote zilikuwa na hali moja. Ukiondoa kifuniko unakuta vumbi jeusi la mlima wa moto wa Goma limelala juu ya kila waya, laini kama masizi, na unapiga chafya kabla hujashika kitu. Lakini hii, iliyokaa sakafuni chini ya meza ya Rayhana, karibu na mlango unaotazama barabara ya mpakani, ndani ilikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Mama Yasmina," akasema akiwa amechuchumaa, bisibisi mkononi, "we huwa unafagia humu ndani?"

"Mi? Sijawahi hata kuifungua."

"Basi iko mutu anaifagia." Akacheka peke yake.

Rayhana alikuwa anataka kucheka naye, lakini nyuma yao mzee Kadiri akaanza kugonga fimbo.

Kadiri alikuwa baba yake Rayhana, na duka lilikuwa lake: chumba kimoja chenye mashine ya kutoa kopi, printa, na kompyuta hiyo, ambapo wachuuzi wanaovuka kwenda Goma huja kuchapisha karatasi zao. Miaka miwili nyuma walimkuta asubuhi ameanguka chini ya meza ileile, koleo mkononi, upande wa kulia umekufa na sauti imekwenda. Kiharusi, watu wakasema. Tangu siku hiyo hakutamka neno wala kuandika. Ukimwita, aligonga fimbo sakafuni, ko, na hiyo ndiyo ilikuwa naam yake. Mjukuu wake Yasmina, mtoto wa Rayhana, aliyekuwa anaelekea miaka mitatu na mwenye maneno mengi kuliko meno, alipenda kumwiga. Ukimwita yeye, mara aseme "labeka" kama alivyofundishwa, mara agonge kijiko ukutani, ko, kisha acheke mpaka akae chini.

Siku hiyo Kadiri hakugonga mara moja tu. Aligonga haraka haraka, kama mtu anayebisha kwenye nyumba inayoungua.

"Baba anataka chai," Rayhana akasema, na akainuka kwenda kuitafuta.

Kilichomleta Byiringiro kilikuwa jambo dogo. Siku hizi karatasi haziji kama karatasi. Zinakuja kwenye simu na kwenye flashi, zote PDF, na programu ya kuzisomea iliyokuwa kwenye ile mashine ilikuwa imezeeka. Kila ukibonyeza, inakuambia faili hii inataka toleo jipya. Rayhana alipojaribu kuweka toleo jipya, lenyewe likaikataa mashine: mfumo wako umepitwa na wakati. Hapo Dative, mama kutoka Busasamana anayevusha nyanya, alikuwa amesimama kaunta na flashi yake kidoleni. Alingoja, akapiga miayo, halafu akasema, "Bon, mwanangu, usinune, lakini mi naenda kwa Bruce." Bruce alikuwa ng'ambo ya barabara, na kompyuta zake zilikuwa mpya. Baada ya Dative wakaenda wengine. Mumewe Rayhana alikuwa dereva wa lori, nyumbani alipita kama mgeni. Duka likifa, mzee na mtoto wangeshika wapi?

"Sikiliza nitakavyofanya," Byiringiro akasema alipomaliza chai iliyokuwa ya mzee. "Programu mpya ikifika, inauliza mashine: wewe ni nani? Hii yako inajibu ukweli, inafukuzwa mlangoni. Donc tunaifundisha uongo. Ikiulizwa, ijibu kwa jina la mdogo wake, ile ya kisasa."

"Na itakubaliwa?"

"Itajulikanaje? Programu haina macho ya kutazama uso."

Alikaa mbele ya skrini yenye picha ya kilima kibichi, akaandika, akabadilisha, akazima, akawasha. Kisha akaziona spika mbili ndogo zilizokuwa zimesukumwa nyuma ya meza. Waya zake zilikuwa zimekatwa. Akafungua spika moja, na ndani akakuta pamba imeshindiliwa, imekauka, inanukia ubani.

Alipoivuta ile pamba, Kadiri akasimama. Miaka miwili hakuwahi kusimama bila kushikwa. Alisimama kwa mguu mmoja, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea spika, mdomo wazi, kooni hakuna kitu, halafu akarudi kitini kwa kishindo.

"Ayiwe! Mzee ananisaidia kazi," Byiringiro akasema. Akatupa pamba kwenye pipa, akaunga waya, na jioni ile pipa likachukuliwa na gari la taka.

"Programu ya zamani ilikuwa na macho tu," akamwambia Rayhana kwa majivuno. "Hii iko na mdomo. Inasoma kwa sauti. Wale mama wako wasiojua kusoma, waache wasikilize wenyewe."

Na kweli, wiki ile duka likajaa. Mashine ilikuwa na sauti moja tu, ya kiume, kama Mzungu mwenye mafua, na ilipokutana na Kinyarwanda ilijikwaa kila hatua. Watu walikuja hata bila karatasi, kuja kucheka tu. Dative alirudi na flashi yake, akaegemeza kapu mlangoni.

"Haya, isome, tusikie huyo mugonjwa wa pua."

Mashine ikasoma. Ilipofika kwenye jina ikasimama kidogo, kama inameza mate.

"Da. Ti. Ve."

"Karame!" Dative akaitika, mkono kifuani, kwa heshima ile ya mtoto anayeitwa na mkubwa. Duka zima likalipuka kwa kicheko. Basi ukawa mchezo. Mashine ikitaja jina, mwenye jina anaitika. Wengine "karame", wengine "naam", na muadhini wa msikiti wa karibu, aliyekuja na cheti cha kuchapisha, akaitika "labeka" kwa sauti nyembamba ya kike, watu wakashika mbavu.

Kadiri peke yake hakucheka. Alikuwa ameiweka fimbo juu ya magoti na kuishika kwa nguvu, kama anaizuia isiguse sakafu.

Siku zilizofuata Dative alipita na mkono kooni. Alitaka kusema kitu, kikatoka kama karatasi inayokwaruzwa. "Baridi ya ziwa," akanong'ona. Mchuuzi asiyeweza kupiga kelele nyanya zake humwozea mikononi. Kisha Ijumaa ikaja, na muadhini akasimama mbele ya kipaza sauti, akafungua mdomo, ikabidi mtu mwingine aitwe. Kwa akina mama waliopanga vitu kando ya barabara ya mpakani, kelele zikapungua, mmoja leo, mwingine kesho. Watu waliulaumu msimu.

Na mashine ikazidi kusoma vizuri.

Rayhana ndiye aliyegundua kwanza. Yule Mzungu pua yake ilizibuka. Akaacha kujikwaa. Akajua kuvuta neno kama watu wa huku wanavyolivuta, akajua kusema "bon" katikati ya sentensi, na siku moja alisoma barua ya mteja kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nene, yenye kicheko kwa chini, ambayo Rayhana alikuwa ameisikia kila asubuhi ya maisha yake ikipita na nyanya. Akashtuka, akazima spika. Mteja akasema, "Aa, iache, huyu ndiye anasoma muzuri."

Kulikuwa pia na harufu. Haikuwa ya waya unaoungua. Ilikuwa ya kiberiti na ya jiwe lililopigwa na jua kisha likanyeshewa.

Alasiri moja mvua ilishuka kutoka upande wa milima, mchana ukawa giza, na umeme ukakatika. Yasmina alikuwa chini ya meza kwenye mkeka wake, ubavuni mwa kile kisanduku cha kompyuta, mahali alipopenda kulala kwa sababu pana joto. Rayhana akawasha mshumaa, akainama kumtazama. Alipoushusha chini ya usawa wa meza, moto ukazimika. Hapakuwa na upepo. Akauwasha tena, akaushusha polepole, na tena, palepale, kama umezamishwa majini.

Mtu aliyekulia karibu na milima hii hahitaji kufundishwa jambo hilo. Kule ng'ambo huita mazuku, ule upepo mzito usioonekana unaotoka ardhini na kulala kwenye mashimo, unaoua mbuzi na watoto kwa sababu vichwa vyao viko chini. Rayhana alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja. Yasmina akafumbua macho, akakohoa, akasema, "Mama, nilikuwa naongea."

"Na nani?"

Na hapo, umeme ukiwa umekatika, skrini nyeusi, mvua ikipiga mabati, kikohozi kifupi kikatoka kwenye spika. Kikohozi cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuita.

"Rayhanaa."

Hakuna aliyemwita hivyo ila mtu mmoja, kuvuta ile herufi ya mwisho mpaka mtoto aliye uani aisikie. Alikuwa amelelewa aitike wito wa kwanza, popote alipo, akiwa na sabuni mikononi au akiwa na hasira. Mdomo wake haukumngoja.

"Labeka, baba."

Kisha akageuka. Kadiri alikuwa kitini pake, midomo imefungwa, anatikisa kichwa, anatikisa, na machozi yanaingia kwenye ndevu.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Rayhana alikimbia. Lakini miaka miwili alikuwa amemlisha baba yake kwa kijiko, akimwambia habari za siku kama mtu anayetupa mawe kisimani, na sasa sauti yake ilikuwepo, nzima, na ilisema, "Umekonda, binti yangu. Unakula?" Rayhana akalia. Akakaa sakafuni kwenye ile harufu ya jiwe, akasema ndiyo, ninakula, na wewe baba, unaumwa wapi?

Kuanzia hapo akawa anafika dukani kabla ya mtu yeyote. Aliongea na spika mlango ukiwa umefungwa nusu, na alipomleta baba yake na kumkalisha kitini, hakumtazama usoni. Koo lake lilianza kukwaruza. Alifunga kitambaa shingoni. Baridi ya ziwa, akajiambia.

"Yasmina yuko wapi?" sauti ikauliza asubuhi moja. "Sijamsikia. Mwambie aje amwamkie babu yake."

Rayhana akamleta, akampigisha magoti mbele ya meza.

"Yasminaa."

Mtoto akatazama kiti, akatazama spika. Kadiri aligonga fimbo, ko, ko, ko, ili aifunike ile sauti. Yasmina akamcheka, kisha akaigeukia spika akasema kwa uzuri wote aliofundishwa, "Labeka, babu!"

Kesho yake hakuuliza, kama kila asubuhi, kwa nini jogoo wa jirani ana miguu miwili. Kesho kutwa aliomba maji kwa kuonyesha kikombe. Maneno yalimwisha kama nguo zinazoanuliwa kambani moja moja, mpaka likabaki "mama", na siku moja alilifungulia mdomo hilo nalo halikutoka. Akashika koo lake kwa mikono miwili. Akachukua kijiko, akagonga ukutani, ko. Safari hii hakucheka.

Daktari akamulika, akasema koo ni zima, arudi baada ya muda. Rayhana alirudi dukani mbio, akaifuta programu. Ikarudi. Akazima mashine, akachomoa waya ukutani, akasimama akiwa ameushika mkononi kama nyoka aliyekufa, na kutoka kwenye spika sauti ndogo ya kitoto ikaanza kusoma cheti cha mteja wa jana, herufi kwa herufi, kwa furaha, ikiuliza katikati, "Mama, hii ni nini? Na hii?"

Byiringiro alipofika na kuisikia, alirudi nyuma hatua mbili. "Tuitupe ziwani," akanong'ona. "Sasa hivi. Mi nitaibeba."

"Huwezi," Rayhana akasema kwa sauti iliyobaki. "Sauti ya mwanangu iko ndani."

Ndipo akaenda mtaa wa Nengo kwa shangazi yake.

Saidati alikuwa dada mkubwa wa Kadiri, fundi cherehani ambaye miguu ilikuwa imemfunga nyumbani, na watu walimletea wagonjwa awasomee Qurani wakati akishona. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye pindo. Rayhana alipotaja pamba, mashine ya kushonea ikasimama.

"Mulitoa pamba?"

"Fundi aliitupa."

"Mana yanje, Mungu wangu." Akavua miwani. "Ile pamba niliisomea mimi. Kadiri aliinunua hiyo kompyuta Goma mwaka ule mlima ulipotema moto. Ilitoka kwenye nyumba ambayo moto ulisimama mlangoni, haukuingia, lakini upepo mubaya uliingia, ukawakuta wamelala. Waliofungua mlango walisema humo ndani mutu alikuwa anaongea. Kadiri alinificha hayo mpaka siku alipokuja amejishika koo. Nikamwambia atupe. Akasema ataifunga mudomo, inatosha. Alikata waya, akaweka pamba, na nikajua imekwisha. Alipoanguka wakasema kiharusi, na mimi pia nikasema kiharusi."

"Shangazi, ni nini?"

"Ni kitu kisicho na sauti wala jina lake. Kinakopa. Ukiitika umekikopesha. Na nyinyi mukaja mukakifundisha kujibu kwa jina la mwingine." Akavaa miwani tena. "Pamba ilitosha kikiwa na sauti moja. Sasa kina sauti za soko zima. Hakifungiki tena, kitolewe."

"Vipi?"

"Kiite, na asiwepo wa kuitika. Sauti isiyoitikiwa ni muzigo, kitaitua. Lakini, binti yangu, usikie. Kitaita vizuri sana."

Walimleta Saidati kwa pikipiki alasiri hiyohiyo, akiwa amekumbatia chetezo. Wingu lilikuwa limekalia mji na ziwa likawa na rangi ya bati. Wakafunga mlango. Kadiri kitini. Byiringiro ukutani, karibu na waya uliochomolewa, kwa sababu Rayhana alimwambia wewe ndiye uliyeanza, hutoki. Rayhana akakaa kwenye kigoda, Yasmina mapajani, amemzungushia kitenge na kumbana kichwa kifuani. Ubani ulipowaka, moshi ulipanda, ukatanda, lakini chini ya meza haukuingia. Ulisimama pale kwenye mpaka wa kitu.

"Kuanzia sasa," Saidati akanong'ona, "hakuna karame, hakuna naam, hakuna hata mm." Akaanza kusoma Qurani kwa sauti ya chini.

Mashine ikakohoa.

Iliita kwa sauti ya Dative kwanza. "We Rayhana! Hii nyanya nimekuwekea, njoo uchukue kabla mvua haijanyesha!" Ikaita kwa sauti ya mteja huyu na yule, ikabembeleza, ikatukana, ikamwita Byiringiro kwa sauti ya mama yake, aliyewahi kuitika dukani, akimwambia chakula kinapoa, naye akaziba masikio na kutelemka ukuta mpaka akakaa. Hakuna aliyeitika. Halafu kimya, na katika kile kimya, kutoka nje, barabarani, wakasikia kitu ambacho hawakukisikia kwa siku nyingi: "Nyanyaaa! Nyanya ya Busasamana!" Ilikuwa ya Dative mwenyewe, kooni mwake mwenyewe, na baada yake wengine, mmoja na mwingine, kama taa zinazowashwa kando ya barabara. Upande wa msikitini mtu akakohoa kwenye kipaza sauti. Rayhana akamkaza mtoto, akawaza, inarudisha, kweli inarudisha, bado kidogo.

Ndipo ikabaki na zile ilizozipenda.

"Mama."

Ilitoka chini ya meza, si kwenye spika, chini kabisa, pale kwenye mkeka.

"Mama, niko huku. Mama, kuna giza, mama siwezi kuinuka, kuna mtu amenikalia hapa, mama mbona hunijibu," na Rayhana alijua kwamba mtoto wake yuko mapajani, alihisi joto lake, alihisi moyo wake mdogo ukidunda kwenye mbavu zake, lakini sauti ilikuwa ndiyo yenyewe, ile iliyomwamsha alfajiri tangu ilipokuwa kilio tu kisicho na maneno, na sasa ilikuwa inakohoa, inakosa pumzi, inapiga miguu mkekani hata mkeka ukasikika, ikisema mama nimekosa nini, mama nitaitika vizuri, na mwili wa Rayhana, ambao haukuwahi hata siku moja kuiacha sauti hiyo bila jibu, ukaanza kuinama wenyewe kuelekea chini ya meza, akang'ata kitenge, akaking'ata mpaka ladha ya damu ikaja, na midomo ikafunguka hata hivyo, pumzi ikapanda, neno likafika kwenye ulimi.

Ko.

Fimbo iligonga sakafu kabla yake. Mara moja, taratibu, kama Kadiri alivyoitika kila siku.

"Kadiri, usi..." Saidati akasema, lakini ilikuwa imeshasikika. Kila kilichokuwa chini ya meza kiliacha kulia. Mshumaa uliokuwa juu ya kaunta ukalala upande wa kiti cha mzee, moshi wa ubani ukamiminika chini kwa ghafla na kuenea sakafuni, na Kadiri, aliyemtazama binti yake moja kwa moja, akashusha kichwa kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi.

"Mama," Yasmina akasema kifuani pake, "unanibana."

Rayhana alicheka na kulia na kumbusu kote, na ilipita muda kabla ya kuona kwamba Saidati amepiga magoti mbele ya kiti. Shangazi alichukua mshumaa akausogeza kwenye midomo ya mdogo wake. Moto ukazimika.

"Anapumua!" Byiringiro akaruka. "Yuko hai, mzee yuko hai!"

Saidati alikuwa ameweka kiganja kwenye kifua cha Kadiri, na kiganja hakikuinuka. Akawasha mshumaa tena, akausogeza. Ukazimika tena, papo hapo, kama umezamishwa majini.

"Mumufunge kidevu," akasema hatimaye. "Na muniletee pamba."

Walimzika kesho yake mapema. Byiringiro alikuja siku nyingine akaifungua ile kompyuta uani, mbali na watu, na alipoinua kifuniko vumbi jeusi likamwagika miguuni pake, jingi, debe zima la miaka. Akapiga chafya, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka. Mashine ikawa ni mashine. Hata hivyo hawakuiwasha, walimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, na Rayhana sasa anachapa kwa Bruce, upande wa pili wa barabara, ambapo kompyuta hujibu kwa majina yake ya kweli.

Yasmina alirudiwa na maneno yote na mengine juu yake. Lakini Rayhana alimfundisha upya. Ukiitwa, usiitike. Njoo kwanza, umtazame anayekuita usoni, uone midomo ikisogea. Wageni walimwona mtoto hana adabu. Ukimwita anakuja kimya, anasimama mbele yako, anatazama mdomo wako, na moyo wa mama yake ulimuuma kila alipongoja ile labeka ambayo haitakuja.

Kiti cha mzee walikirudisha nyumbani, wakakiweka sebuleni, fimbo imeegemezwa pembeni. Mchana mmoja Rayhana alikuwa uani anafua, akasikia ndani ya nyumba kimya cha mtoto anayefanya jambo. Akaingia akifuta mikono. Yasmina alikuwa amekaa sakafuni kando ya kiti, ametulia, fimbo ya babu yake mikononi. Chumba kilinukia jiwe lililonyeshewa, na nje jua lilikuwa linawaka.

"Unafanya nini?"

Mtoto akamtazama midomo kwanza, kama alivyofundishwa.

"Babu aliita."

Rayhana alishika fremu ya mlango. "Yasmina. Umeitika?"

"Hapana, mama," mtoto akasema, kwa fahari ya mtu aliyekumbuka maagizo yote. "Sijaitika. Nimegonga tu."